Siku ya Kurudisha Mkono

Wakonyo aliuona moshi kabla hajafika langoni. Ulikuwa moshi mzito wa majani mabichi, unapanda polepole kutoka nyuma ya banda la mbuzi, na kitu cha kwanza alichofikiria ni kwamba mbuzi wake wanaungua. Alikuwa ametoka Karatina kununua magunia mawili matupu na kamba. Alikimbia nayo kwapani, akakuta lango liko wazi na uwanja wake umejaa watoto.

Walikuwa watoto ishirini na zaidi, wote wamevaa tisheti za manjano zenye jina la kituo cha watoto mgongoni. Kituo chenyewe kilikuwa juu karibu na barabara ya lami, na watoto wengi wa pale Ruring'u walikwenda huko wakitoka shule, wakafanya kazi ya nyumbani, wakanywa uji, wakangoja wazazi watoke vibaruani. Wendy, binti yake Wakonyo, alikuwa mmoja wao tangu darasa la nne. Sasa alikuwa Gredi ya Tisa.

"Mama Wendy! Karibu kwako!" Aliyemkaribisha kwake alikuwa Madam Kagure, mkuu wa kituo, amevaa gambuti mpya ambazo bado zilikuwa zinang'aa. "Umetuharibia sapraizi. Tulitaka ukikuja upate tumemaliza kabisa."

"Mmemaliza nini, Madam?"

"Usafi! Leo ni siku yetu ya kurudisha mkono. Hawa watoto wamesaidiwa na jamii, na wao wanarudishia jamii. Ona vile wamefagia. Wameosha choo. Na hiyo thabai ilikuwa imekumeza huko nyuma tumeng'oa yote, na mizizi. Hiyo haitakusumbua tena, mama."

Wakonyo alipita katikati ya watoto, akazunguka banda la mbuzi, akasimama.

Pale palipokuwa na thabai palikuwa udongo mtupu, mweusi, umechimbuliwa kama kaburi la mtu mrefu. Thabai yake ilianzia pale kwa banda, penye mbolea, ikafuata ua mpaka kona, majani mapana ya kijani yanayowasha mtu asiyeyajua. Wengi waliyaona kama magugu ya mtu mvivu. Wakonyo alikuwa akiyapalilia, akiyanyunyizia maji ya kuogea, akikata vikonyo vya juu tu ili chini kuchipue. Wenye hoteli waliyachemsha wakayaponda na viazi, na mukimo ukatoka na rangi na ladha ambayo spinachi haiwezi kutoa. Jumamosi kulikuwa na ruracio huko Karatina, wageni wanaoleta mahari wanatoka Kangema, watu mia mbili, na mpishi wao, Murugi, alikuwa ameagiza magunia mawili. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi, na kesho yake Ijumaa ndiyo ilikuwa siku ya kukata.

Sasa yote ilikuwa lundo moja linalofuka moshi, na watoto wanne wanaichochea kwa fito.

"Aaai! Aaai, imeniuma!" msichana mmoja alilia, akarukaruka akipuliza kiganja chake. Wenzake wakacheka, wakampokonya majani, wakamwambia apake mate.

Msichana huyo alikuwa Wendy. Alikuwa amevaa soksi mikononi kama wengine.

Wakonyo alimtazama. Wendy alianza kuchuma thabai akiwa na miaka sita. Alijua kushika jani kutoka chini kwenda juu, kwa nguvu, bila woga, ndipo lisiwashe. Alikuwa akikata ndoo mbili kabla ya kwenda shule, kwa mikono mitupu, huku akisoma mashairi ya shule kwa sauti. Na sasa alikuwa anarukaruka.

Wendy aliinua macho akamwona mama yake. Akaacha kuruka.

"Nani aliwaruhusu?" Wakonyo aliuliza. Hakumwuliza Wendy, aliiuliza hewa.

"Mama, si ni watoto tu," Madam Kagure alisema, amemfuata nyuma. "Wamejitolea. Hawataki kitu."

"Nimeuliza nani aliwaruhusu kuingia kwangu waniharibie mboga."

"Mboga?" Madam alitazama lile lundo, akatazama watoto. "Mboga gani?"

"Hiyo mnachoma."

Mvulana mmoja akasema, si kwa sauti ya chini, "Kumbe huyu mama hukula thabai!" Kicheko kikapasuka kutoka kona hadi kona. "Ndio maana Wendy ni mkali!" mwingine akaongeza. Wendy naye alicheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha kuomba asiachwe nje, lakini Wakonyo alikisikia kati ya vyote.

"Basi pole," Madam alisema, akitabasamu kama mtu anayemtuliza mlevi. "Hiyo itaota tena. Kwanza tupige picha, jua linaenda. Watoto, njooni! Mama Wendy asimame katikati, mwenye jembe hapa, mwenye reki hapa."

"Si umesema mmeng'oa na mizizi? Sasa itaota vipi?"

"Mama Wendy, picha."

"Sipigwi picha. Tokeni kwangu."

"Unasema?"

"Nimesema mtoke! Mkienda kusaidia mtu hamwezi kumwuliza anataka nini? Mungekuja kwa Mhindi pale dukani mkamwagia unga yake nje mseme mnafagia? Mungekuja?"

Madam Kagure aliacha kutabasamu. Alifunga simu yake, akaitia mfukoni, akawapigia watoto makofi wajipange laini. Walipokuwa wakitoka alisimama karibu na Wakonyo, akazungumza taratibu, kwa lugha ya watu wazima wawili.

"Hii familia ilichaguliwa na watoto wenyewe, kwa kura. Sikutaka kukwambia hivyo mbele yao. Na unajua majina ya wale watalipiwa karo ya shule ya upili yanaenda kwa wafadhili Jumatatu. Wafadhili hawaangalii alama peke yake. Huwa wanauliza, huyu mtoto anatoka kwa watu wa aina gani?"

Akaenda na gambuti zake. Wendy alibaki karibu na lundo, soksi bado ziko mikononi.

*

Theuri, mumewe Wakonyo, alirudi kutoka kiwanda cha kahawa saa kumi na mbili, akasimuliwa, akakaa kwenye kiti bila kuvua koti.

"Uliwafukuza?"

"Niliwafukuza."

"Mbele ya watoto?"

"Wao ndio walinifanyia mbele ya watoto, Baba Wendy."

"Wakonyo. Mtoto anaenda shule ama wewe ndio unaenda sokoni? Hebu nijue ni gani muhimu hapa." Alikuwa mtu wa maneno machache, na hayo machache alipenda yaingie. "Mimi mshahara wangu unaujua. Karo ya shule ya bweni unaijua. Ukitoa hao watu, kuna nani? Thabai?"

"Thabai ndio imekuwa ikimnunulia viatu."

"Viatu si karo."

Wendy alikuwa jikoni, na ukuta wa mbao haukuficha kitu. Wakonyo alimwita. Alikuja akasimama mlangoni, nusu ndani nusu nje.

"Walisema mlipiga kura."

"Eeh."

"Ya nini?"

"Ya nyumba ziko na shida zaidi." Wendy alikuwa akikwangua ubao wa mlango kwa ukucha. "Madam alisoma majina ya nyumba, tuchague tatu. Tukainua mikono."

"Na wewe uliinua?"

"Kila mtu aliinua, Mami."

"Nimekuuliza wewe."

"Ningekaa aje bila kuinua? Wangejua ninaona haya."

Theuri alikohoa. Wakonyo aliendelea kumtazama binti yake, bila hasira usoni, na hilo ndilo lililomtisha Wendy kuliko kofi.

"Na walipoanza kung'oa, ulijua hiyo ni ya Jumamosi. Si ulijua?"

"Nilijua."

"Na mdomo uko."

"Niseme nini sasa? Niseme sisi huuza thabai? Ati mama yangu hupanda majani ya kuwasha watu nyuma ya choo?"

"Nyuma ya banda."

"Hiyo ya banda hawataweka! Watasema choo! Wewe hukai na wao. Wewe unauza tu, unarudi, mimi ndio naitwa majina." Sauti yake ilipanda, ikavunjika. "Si uende tu useme pole, iishe? Kwani pole inanunuliwa?"

"Ukaruka ukisema umewashwa," Wakonyo alisema. "Wewe."

Wendy alirudi jikoni. Wakamsikia akigonga sufuria kwa nguvu ambayo sufuria haikuhitaji.

*

Ijumaa Wakonyo aliamka mapema akachukua kisu na magunia, akashuka mtoni. Thabai ya mtoni ilikuwa imezeeka, imetoa maua, na mashina yake yalikuwa magumu kama kamba. Hata ukichemsha mchana kutwa inabaki nyuzinyuzi mdomoni. Alikata chache zilizofaa, hazikujaza hata robo ya gunia. Akapanda juu kwenye mashamba ya watu, akiomba ruhusa kwenye kila ua. Mzee mmoja alimruhusu. Mwanamke mmoja, mke wa mwalimu, alimwona akiinama kwenye ua wake akatoka na taulo kichwani.

"Unaiba nini hapo?"

"Siibi, mama. Nilipiga hodi hamkusikia. Naomba thabai kidogo."

"Ya kufanya nini?"

"Ya kupika."

Yule mwanamke alimwangalia kuanzia viatu. "Kwani hali imekuwa mbaya hivyo? Ngoja nikuletee sukuma." Na akaingia ndani, akarudi na majani matano ya sukuma wiki yaliyoanza kugeuka manjano, akampa juu ya ua. Wakonyo aliyapokea akashukuru. Mbele kidogo akamrushia ng'ombe wa mtu.

Saa nane alikuwa Karatina, kwenye jiko la Murugi nyuma ya soko. Murugi alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza maandamano, na alikuwa amekaa kati ya milima ya viazi na wasichana watatu wanaomenya. Alilichungulia gunia.

"Hii ni nini, Wakonyo?"

"Ndiyo imepatikana. Nilipatwa na shida nyumbani."

"Shida gani?"

Wakonyo akamweleza. Alipofika mahali pa watoto wa kituo, wasichana wa viazi waliacha kumenya. Murugi mwenyewe alicheka mpaka akajishika ubavu, lakini alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa wa biashara.

"Pole sana, mami. Lakini mimi kesho nikipelekea watu wa Kangema mukimo nyeupe kama ya hospitali, nitawaambia kulikuja watoto? Wale watu wanaangalia sahani mbele ya kuangalia bibi arusi." Akachomoa simu kutoka kifuani. "Kuna mama wa Mathira alikuwa ananisumbua nimpatie nafasi. Nitamwambia alete."

"Ya kesho peke yake?"

Murugi alibonyeza simu bila kuinua macho. "Wakonyo, mteja hawezi kuwa na watu wawili wa kitu kimoja. Akileta nzuri, ni yeye. Usinikasirikie."

"Sijakasirika."

"Acha hiyo kidogo hapo, nitakulipa ya nauli."

*

Jioni Wendy alileta barua kutoka kituoni. Ilikuwa ya Kiingereza. Wakonyo alisoma Kiswahili bila shida na Gikuyu cha Biblia pia, lakini Kiingereza cha barua kilikuwa na maneno yaliyosimama wima kama askari. Akampa Wendy asome.

"Inasema kesho saa nane ni siku ya wazazi. Wafadhili watakuwa huko, wanatoka Nairobi. Nyumba zote tatu zilisaidiwa zitapewa nafasi ya kuongea."

"Kuongea nini?"

Wendy alifuata mstari kwa kidole. "Kushukuru."

"Imesema kushukuru ama imesema kuomba msamaha?"

Kidole kilisimama. "Zote."

"Na nisipoenda?"

"Hiyo haijaandikwa." Wendy aliikunja barua mara nne. "Lakini Madam aliniambia jina langu ameliandika na penseli."

Theuri alikuwa akila. Alisukuma sahani kando na kumtazama mkewe, na alipomaliza kumtazama akatoka nje kuangalia mbuzi, ambao walikuwa wameshaangaliwa.

Wakonyo alikaa. Alifikiria mengi, lakini yote yalikuwa yakirudi kwenye ile penseli. Ingekuwa wamelifuta jina, angepigana. Jina lililoandikwa kwa penseli lilimwachia kazi mikononi mwake mwenyewe.

"Nipigie pasi ile rinda ya kanisa," alisema.

*

Ukumbi wa kituo ulikuwa umepambwa kwa baluni za manjano. Wafadhili watatu walikaa mbele, wamepewa maji ya chupa, na nyuma yao wazazi kwenye viti vya plastiki, na watoto ubavuni wamesimama. Ukutani kulikuwa na picha kubwa za siku ya kurudisha mkono: watoto wakimwosha mzee miguu, watoto wakipaka nyumba ya mjane rangi. Ya kwa Wakonyo ilikuwa moja tu, lile lundo la moshi na watoto wanne wenye fito. Chini yake kulikuwa na maandishi ya Kiingereza. Wakonyo alimwuliza mzazi wa karibu yanasemaje.

"Ati 'Kichaka kimeondolewa,'" yule mzazi alimwambia.

Mjane alishukuru akilia. Mzee wa miguu alishukuru akaomba na godoro. Kisha Madam Kagure akaita, "Mama Wendy," kwa sauti tamu ya kipaza sauti, na Wakonyo akaenda mbele na rinda lake lililopigwa pasi.

"Mimi naitwa Wakonyo, mama yake Wendy," alisema. "Siku ya Alhamisi watoto walikuja kwangu wakanifanyia usafi. Mimi nilikuja nikaongea vibaya. Naomba msamaha kwa Madam na kwa watoto. Walifanya kazi vizuri." Akatazama ile picha ya moshi. "Choo kimekuwa safi. Nasema asante."

Alisema hayo na si zaidi. Hakulia, wala hakueleza kitu. Wafadhili walipiga makofi, na mmoja wao, kijana mwenye miwani, akaandika kwenye karatasi. Msichana mdogo wa tisheti ya manjano akaleta mfuko: pakiti mbili za unga, mafuta, mche wa sabuni. Wakonyo akaupokea kwa mikono miwili kama inavyotakiwa, akageuka kurudi mahali pake. Alikuwa amelipa. Ilikuwa imeisha.

"Ngoja kwanza, mama, usiketi," Madam alisema. "Wageni wetu wangependa kusikia kutoka kwa mtoto. Wendy, njoo hapa kando ya mama. Waambie umejifunza nini kwa kurudishia jamii."

Wendy alikuja na karatasi. Alisimama hatua mbili kutoka kwa mama yake na kusoma, kwa sauti wazi, matamshi yamenyooka. Alisema amejifunza kujitolea. Alisema amejifunza kwamba hata mtoto mwenye kidogo anaweza kutoa. Wakonyo alizitambua kuwa ni sentensi za Madam. Zilikuwa kama zimevaa gambuti zake. Karatasi ikaisha, Wendy akaikunja, na Wakonyo akaona ameikunja. Lakini kijana wa miwani alikuwa anatabasamu, anangoja, kalamu imeinuka, na Wendy akaliona hilo pia.

"Na kingine," Wendy alisema, bila karatasi. "Nimejifunza kuna watu wamezoea shida mpaka hawajui kusaidiwa. Hata kama ni mzazi wako. Unafaa kumvumilia, umfundishe polepole."

Ukumbi ulipiga makofi kushinda yote ya mwanzo. Mfadhili mmoja mama alifuta jicho. Kijana wa miwani aliandika mstari mrefu, akaupigia mstari mwingine chini. Madam Kagure alimkumbatia Wendy begani, na juu ya kichwa cha mtoto akamtazama Wakonyo, akangoja.

Wakonyo aliuweka ule mfuko chini katikati ya miguu yake, mikono ipate nafasi. Akapiga makofi.

*

Walitoka saa kumi na moja. Wenzake Wendy walikuwa wamejazana langoni, wanagawana baluni. Madam alikuwa amempa Wendy mkono mbele ya wote na kumwambia Jumatatu jina litaandikwa kwa kalamu, na habari hiyo ilikuwa imeshazunguka lango.

Wakonyo alisimama kabla ya kufika penye wale watoto.

"Umeongea vizuri," alisema. "Hata mimi nimekuamini."

"Mami, ilitoka tu. Alikuwa ananiangalia."

"Nilimwona."

"Si ulitaka nisome? Si hata wewe umesema vile walitaka?"

"Nilitaka. Na nimesema." Wakonyo alimnyooshea mfuko. "Shika."

Wendy alitazama mfuko, akatazama langoni. Jina la kituo lilikuwa limechapwa juu yake kwa herufi kubwa, na maneno ya chini yalisema ni msaada kwa familia zenye uhitaji. "Pita nao wewe. Ni wewe umepewa."

"Mimi nilipewa kazi ya kusema asante. Hii ni ya yule aliongea mwisho."

"Mami, wataniona."

Wakonyo aliuweka mfuko chini, kwenye vumbi, polepole ili mafuta yasimwagike. Kisha akapita langoni katikati ya watoto wa manjano, waliompisha kwa adabu wakasema, "Shikamoo mama Wendy," naye akawajibu mmoja mmoja. Akashika njia ya nyumbani bila kuharakisha.

Alikuwa amefika kona aliposikia mtu akicheka nyuma, na mwingine akiuliza, "Wendy, hiyo ni yenu?" Alijikuta amepunguza mwendo.

"Ni yetu," Wendy alijibu, kwa hasira, kama anayetukana.

Nyayo zikaanza kuja, pamoja na mchakacho wa mfuko. Wakonyo hakumngoja.